Msumeno Usionguruma

Wifi yangu alipoingia katika ukoo wetu alikuwa mpiga chapa ofisini. Alikuja na kucha zilizopakwa rangi na jozi mbili tu za viatu, zote za kisigino. Mimi na shangazi zangu tulimtazama kuanzia juu hadi chini, kisha tukatazamana. Kaka yangu alikuwa mkata miti. Alinuka petroli hata siku ya harusi. Shangazi mmoja alininong'oneza, "Huyu hamalizi mwaka."

Sasa ni mwaka wa thelathini na mbili, na huyo shangazi amekufa akiacha jikoni kwake kisu kilichonolewa na wifi yangu.

Jinsi alivyoanza kunoa ni hivi. Mwaka wa tatu wa ndoa, kaka alirudi msituni jioni moja akiwa hoi. Alikaa kizingitini na mnyororo wa msumeno mapajani, akaanza kuunoa kwa tupa, jino moja moja. Alipofika jino la nne usingizi ukamchukua, ameketi vilevile. Wifi akautoa mnyororo mikononi mwake polepole. Akayatazama yale meno manne yaliyokwisha kunolewa, akayatazama tena, kisha akayafanya mengine thelathini na mawili yafanane nayo. Vidole vilivyozoea kugonga herufi havikukosea. Kesho yake kaka alikwenda kazini bila kujua, na alfajiri hiyo msumeno ukaingia kwenye mti kama kisu kwenye papai. Aliporudi aliuliza, "Nani amegusa mnyororo wangu?" Wifi alidhani anagombezwa. Akasema, "Mimi." Kaka akasema, "Basi kuanzia leo ni kazi yako."

Hiyo ndiyo sifa pekee aliyopewa kwa miaka mingi. Kaka yangu si mtu wa kusifu.

Baada ya hapo walikuja wauza nyama na visu vyao, vinyozi na mikasi, seremala na randa, nami na mkasi wangu wa kukatia vitambaa, maana mimi ni fundi cherehani. Jina lake la ofisini likasahaulika. Mtaa mzima ukamwita Mama Tupa.

Kaka naye jina lake ni Ngurumo. Alipewa na wenzake msituni, kwa sababu msumeno wake wa petroli ulisikika mabonde matatu mbali, na yeye alipozungumza alikuwa hivyohivyo. Alifanya kazi hiyo miaka thelathini na moja. Alifundisha vijana kumi na tisa, na kila mmoja wao leo anakula kwa msumeno. Lakini mashine inayotetemeka mikononi mwa mtu miaka yote hiyo haimwachi kama ilivyomkuta. Asubuhi za baridi vidole vya kaka hugeuka vyeupe kama mishumaa, akishika kitu hajui kama amekishika. Vifungo vya shati anafungwa na mkewe. Masikio nayo yamechoka; ukitaka akusikie, simama mbele yake na useme taratibu. Daktari alimwambia aachane na mashine za kutetemeka. Akaachana nazo kwa mdomo. Msumeno aliuweka stoo chini ya gunia safi, na kila Jumamosi aliufuta vumbi kama mtu anayemwogesha mtoto.

Tunakaa sote kwenye shamba la marehemu baba, ekari moja na nusu. Nyumba yao iko mbele. Mimi nina vyumba viwili upande wa nyuma, kimoja cha kulala na kimoja cha kushonea. Baba alipenda miti kupita kiasi. Alipanda migrevilea kuzunguka ua wote, mikaratusi minne kule bondeni, miparachichi, mipera, na michongoma ya kuzuia mbuzi wa watu. Alipoipanda ilikuwa mirefu kama watoto wa chekechea. Miti lakini haina adabu ya kuacha kukua. Kila mwaka kuna tawi linaloegemea paa, jingine linaloziba njia, jingine limekauka linasubiri upepo tu.

Siku ilipoanza hadithi yenyewe, tawi la mparachichi liliangukia banda la kuku. Kuku walitoka salama, jogoo peke yake akapoteza manyoya ya mkia na heshima. Ngurumo akaingia stoo, akatoka na msumeno wake. Akauweka chini, akakanyaga mpini, akavuta kamba. Kimya. Akavuta tena. Alivuta mara ishirini na kitu, nikiwa nahesabu dirishani. Petroli iliyokuwamo tangini ilikuwa na miaka miwili, imeshageuka gundi. Mara ya mwisho akaiachia kamba, akashika bega. Akakaa juu ya lile tawi, ametugeuzia mgongo.

Mama Tupa hakusema pole. Anamjua mumewe, pole ingemuumiza kuliko bega. Alikwenda akakaa naye kwenye tawi, akasubiri kidogo, akasema, "Mzee, tununue msumeno ambao mimi ninaweza kuutumia."

"Wewe?"

"Mimi."

"Wewe ni wa kunoa."

"Nimenoa meno ya watu miaka thelathini. Nataka na mimi niume."

Nilicheka hadi nikajichoma sindano. Kaka hakucheka.

Mabishano yalianza siku hiyohiyo mezani, yakaendelea wiki mbili. Wifi alitaka msumeno wa betri. Kaka aliposikia neno betri aliweka kijiko chini.

"Hiyo ni mashine ya kinyozi," alisema. "Utanyoa nayo kuku?"

"Kuku wameshanyolewa na tawi," wifi akajibu. "Nataka ya kukata tawi."

Ngurumo alikuwa na hoja zake, na hazikuwa za kijinga. Alisema msumeno wa petroli una nguvu, mti hauuogopeshi. Alisema petroli ikiisha unamimina nyingine unaendelea, betri ikiisha unakaa chini kama mgeni. Umeme ukikatika siku tatu je? Alisema amewalisha watoto wake kwa petroli. Halafu akamalizia na methali, kama kawaida yake akiona mambo yanamwendea kombo: "Mchagua jembe si mkulima."

"Na asiyechagua msumeno atachaguliwa jeneza," wifi akasema, akaendelea kula.

Asubuhi iliyofuata alikuja kwangu akaazima utepe wa kupimia nguo. Nikamuuliza anataka kumshonea nani. Akasema, "Miti." Sikumwelewa mpaka nilipomwona anazunguka shamba na daftari, anazungushia utepe kila shina kama anapima kiuno cha bibi harusi, anaandika, anasogea. Alimaliza siku nzima. Jioni alilifungua daftari mbele ya mumewe, mistari imenyooka kama ameipiga chapa.

"Tuna miti arobaini na mitatu," alisema, akimtazama usoni ili amsikie. "Nimepima mzunguko, nikagawa kwa tatu nipate unene. Thelathini na minane haizidi paja la mtu. Mitano tu ndiyo minene: mikaratusi minne, na mgrevilea mmoja ule wa kwa wifi. Hiyo mitano si kazi yangu, na kwa mikono hiyo si kazi yako tena. Ni ya fundi mwenye mashine kubwa. Hii mingine tunaipogoa mara nne, mara tano kwa mwaka. Msumeno wa petroli ukikaa miezi mitatu bila kazi unafanya nini?"

Kaka alitupia stoo jicho. Ile gundi ya tangini ilikuwa inajibu kwa niaba yake.

"Unaganda," akasema mwishowe.

"Mzee, hatuvuni msitu. Tunatunza nyumba."

Siku ya kwenda dukani nilifuatana nao, maana nilijua nikikosa nitajuta. Mama Tupa alibeba gunia. Duka lilikuwa la zana za shamba na ujenzi, pampu na jenereta zimepangwa hadi mlangoni, na mwenye duka alikuwa mtu wa makamo aliyening'iniza miwani shingoni kwa kamba ya kiatu. Alimsalimia Ngurumo kwa heshima, akaanza kumweleza yeye habari za misumeno. Ngurumo akaelekeza kidole kwa mkewe.

Wifi akafungua gunia, akaweka juu ya meza vipande viwili: kimoja cha mpera mkavu, mgumu kama mfupa, kingine cha mgrevilea mbichi.

"Nimekuja na mti wangu," alisema. "Naomba kujaribu."

"Mama, hatujaribishi, mashine itakuwa imetumika."

"Viatu mnajaribisha?"

Mwenye duka akavaa miwani. Sijui alichokiona usoni mwa wifi yangu, lakini alimwita fundi wake, tukapelekwa ua wa nyuma penye marundo ya nguzo chakavu.

Kabla hata msumeno wa betri haujawashwa, wifi alivaa glovu akageuza mnyororo polepole, akikagua meno. Akasimama penye moja. "Hili limezidi wenzake." Fundi akainama, akatazama sana, akakubali. Wifi akatoa tupa mkobani, akalipiga mara mbili, akarudisha tupa mkobani. Tangu hapo yule fundi akaacha kumwita mama, akawa anamwita fundi mwenzangu.

Msumeno wa betri uliwashwa kwa kubonyeza. Ulivuma kama cherehani yangu ya umeme ikiwa na haraka. Ukaupita ule mpera. Kisha wa petroli: fundi aliuamsha kwa mvuto wa tatu, wifi alipojaribu, ulikubali kwa mvuto wa sita, ua ukajaa moshi na kelele. Ulikata haraka zaidi, kila mtu aliona. Ulipozimwa, Mama Tupa mwenyewe alisema kwa sauti ya kumfikia mumewe, "Wa petroli una nguvu kuliko huu. Hilo nani anabisha?" Kaka akaitikia kwa kichwa, kama hakimu aliyesikia ushahidi mzuri.

Ndipo wifi akamgeukia mwenye duka. "Betri moja inakata vipande vingapi vya unene huu?"

"Inategemea, mama."

"Inategemea si jibu. Ni mlango wa kutokea."

Fundi akacheka, akaburuta nguzo. Wakakata mpaka betri ikazimika: vipande thelathini na vinane. Wifi akaandika. Akauliza betri itakuwaje baada ya miaka minne. Mwenye duka alitaka kusema haina shida, lakini fundi akamwahi, akasema kweli: itachoka kidogokidogo kama mtu, na itachoka upesi ukiiacha juani au ukiihifadhi ikiwa tupu. Wifi akauliza kama nao unahitaji oili. Fundi akasema, "Mashine hainywi petroli, lakini mnyororo bado unakunywa oili. Ukiusahau, unaungua."

Wifi alichukua wa betri, wenye upanga mfupi, ule ubapa wa chuma unaozungukwa na mnyororo, na betri mbili. "Moja ikipumzika nyingine inafanya kazi," alisema. Akachukua na kofia ngumu, miwani na buti. Suruali ya kujikinga, ile yenye nyuzi nene ndani za kuukaba mnyororo ukimgusa mtu, alisema kaka anayo na haivai tena. Akaniagiza mimi niipunguze kiuno tu, paja nisiliguse.

Njia nzima kurudi Ngurumo alisema neno moja. "Mh."

Somo la kwanza lilikuwa ni kaka kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa chini ya mpera, mikono amekunja, amenuna. Alikuwa ameapa kutosema kitu. Wifi akavaa ile suruali, akawasha msumeno, akasimama mbele ya tawi. Kaka akavumilia kama dakika moja.

"Mguu wa kushoto mbele," akasema.

Wifi akausogeza mguu.

Hapo nilimwona kaka ameshtuka. Alikaa wima juu ya ndoo. Alisema tena, kwa sauti yake ya kawaida, ambayo kwa watu wengine ni kelele: "Shusha kiwiko." Wifi akashusha, msumeno ukiwa unazunguka.

Mnaoijua kazi hiyo mtaelewa. Vijana wote kumi na tisa kaka aliwafundisha kwa ishara za mikono na kwa kofi la mgongoni, kwa sababu mashine ya petroli ikishawaka hakuna neno linalopita. Unaeleza kabla, unagombeza baada. Katikati, pale mtu anapokosea, yuko peke yake. Sasa, mwaka wa sitini na tatu wa umri wake, kaka yangu alikuwa amepata mwanafunzi anayemsikia mti ukiwa unakatwa.

Hakuacha kusema miezi minane. Kutoka kwenye cherehani yangu nilimsikia akiongea alasiri moja mengi kuliko alivyoongea mwaka mzima uliotangulia. "Msumeno una pua, na pua yake ina hasira. Isiguse kitu, itakurukia." "Tawi lililopinda lina pande mbili: upande ulionuna kwa kubanwa na upande uliovutika. Anza kuukuna ule ulionuna, kisha malizia uliovutika. Ukikosea, litakubana upanga au litakupiga." "Kabla hujakata, jua utakimbilia wapi." Na hili alilirudia hata nikalikariri mimi fundi nguo: "Mti kabla haujapasuka unasema. Sikiliza."

Wakati mwingine walikosana. Mara moja wifi alizima msumeno akamwambia, "Ukinipigia kelele kana kwamba mimi ni mkaratusi, nitakwenda kushona." Kaka akateremsha sauti. Sikuwahi kujua anaweza.

Ulipofika msimu wa mvua walikuwa wamepogoa ua mzima. Kila wakimaliza, wifi alisafisha upanga, akanoa, akachaji betri zote mbili, akaziweka kwenye kabati lenye kivuli.

Siku ya upepo ilikuwa Ijumaa, kama saa nne asubuhi. Nilikuwa chumba cha kushonea, nimezungukwa na sare za shule. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu. Umeme ulikatika mtaa mzima, nikahamia cherehani ya mguu. Nikasikia mlio kama kitambaa kigumu kinachochanwa. Sikuwaza. Niliingia chini ya meza ya kukatia, na mara hiyo paa likashuka.

Ulikuwa ule mgrevilea mnene. Ulivunjika usawa wa kifua cha mtu, shina likalala bila kuachana na kisiki, na kichwa chote cha mti kikaketi juu ya chumba changu. Boriti mbili zilivunjika. Bati likabonyea hadi shibiri mbili juu ya meza niliyojificha. Matawi yaliziba mlango kama kizibo cha chupa, na dirisha lilikuwa na nondo nilizoziweka mwenyewe kuwazuia wezi. Hapo nikajua nondo hazichagui.

"Wifi," nikasikia, karibu sana, nje ya dirisha. "Umeumia?"

"Sijaumia. Paa linashuka."

"Kaa chini ya meza. Usisogee mpaka nikuambie."

Sauti yake ilikuwa kama anaagiza chumvi. Nikakaa.

Ngurumo alikwenda kwanza kuzima swichi kubwa ya nyumba, umeme usije ukarudi kwenye waya zilizochanika. Watu walishaanza kujaa. Haukupita muda akaja yule ambaye wanafunzi wenzake walimwita Kijiti, mmoja wa wale kumi na tisa, sasa ana kampuni yake ya kukata miti na wafanyakazi wanane. Alikuja mbio na msumeno mkubwa wa petroli, na moyo safi. Akauwasha palepale, akaelekea penye kisiki.

Kupitia nondo nilimwona kaka akimfuata anasema kitu. Kijiti hakusikia. Kaka akamwekea mkono begani, kisha akanyoosha kidole chake cheupe akabonyeza swichi ya mashine. Ikawa kimya.

"Mwalimu, dada yumo ndani," Kijiti akasema.

"Najua aliyemo ndani. Ukikata hapo, shina linaachia, mti wote unakaa juu ya dada yangu. Tunaanza kwenye matawi, tunapunguza uzito kidogo kidogo. Na upanga huo ni mrefu, hauwezi kugeuka mle ndani ya majani."

"Basi nani atakata?"

"Mke wangu."

Kijiti alimtazama Mama Tupa, aliyekuwa anafunga kofia kidevuni, suruali ya mumewe imemkaa sawasawa. Akatazama ule msumeno mdogo mkononi mwake. Sina la kumlaumu. Hata mimi chini ya meza nilikumbuka mashine ya kinyozi. Lakini alimheshimu mwalimu wake. Akawaamuru watu wake walete magogo, wakategemeza matawi makubwa kutoka chini, wakafunga kamba kwenye mgrevilea mwingine ulio karibu.

Wifi akaanza. Ningependa kusema niliomba dua. Kwa kweli nilikuwa nahesabu sare zilizochafuka. Lakini kila neno nililisikia, maana watu walinyamaza na msumeno ulikuwa unavuma kwa kiasi tu.

"Hilo dogo la kushoto. Chini limenuna. Likune kidogo. Basi. Sasa juu."

Tawi likaanguka, likaburutwa.

"Lililo nyuma yake. Pua, pua."

"Nimeiona, mzee."

Walikwenda hivyo, tawi kwa tawi, na kila tawi lilipotoka mwanga uliongezeka mlangoni. Betri ya kwanza iliisha. Niliona wifi anaichomoa na kuchomeka ya pili upesi kuliko mimi ninavyobadilisha bobini. Akarudi.

Likabaki tawi nene lililolala juu ya mlango wenyewe. Aliingiza msumeno chini kidogo, akatoa, akaanza juu. Akaachia kitufe. Kaka alikuwa hajasema kitu.

"Linasema," wifi akasema.

Mimi nililisikia pia, mlio mwembamba sana, kama mlango wa mbali. Kaka hakulisikia, kwa masikio yale asingeweza. Alimtazama mkewe usoni, akaamini.

"Rudi," akasema.

Wifi akarudi hatua tatu kwa njia aliyokwisha kuisafisha. Tawi likapasuka lenyewe, likashuka shibiri moja kwa kishindo, likakaa juu ya magogo. Pale lilipopigia ndipo alipokuwa amesimama. Magogo yakashikilia. Kisha Mama Tupa akasogea tena, akamalizia kipande kilichobaki kana kwamba anakata uzi wa mwisho wa pindo.

"Wifi," akaita. "Toka sasa. Kwa magoti, taratibu, usiguse ukuta."

Nikatoka. Nilikuwa na utepe shingoni na pini mdomoni, nimesahau kuzitema. Aliweka msumeno chini, akatoa betri, ndipo akanishika. Alinuka oili ya mnyororo na majani mabichi. Akanichomoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye utepe wangu.

Baadaye, nilipokuwa nimeketi mbali na chai mkononi, ilibaki kazi ya lile shina nene. Wafanyakazi walimtazama Mama Tupa kama wanamsubiri. Yeye akamgeukia Kijiti. "Hapo ni pako. Wangu utachoka bure." Kijiti akauwasha ule mkubwa, ukanguruma kama zamani zetu, ukalila shina kwa dakika chache. Nilimwona kaka amefumba macho anausikiliza kwa raha, hata yeye aliyebaki na nusu ya masikio. Hakuuonea haya. Kila chombo kilikuwa kimepata kazi yake.

Moshi ulipotulia Kijiti akasema, "Mwalimu, huyu ulimfundishia wapi?"

"Nyumbani."

"Sisi hukutufundisha hivyo."

"Ninyi mlikuwa hamnisikii," kaka akasema. Akatazama watu wote waliokusanyika pale, majirani na wafanyakazi na watoto waliopanda ukuta, na akasema kwa sauti yake yote iliyompa jina: "Nimefundisha watu kumi na tisa. Huyu ni wa ishirini. Nikiulizwa nani fundi kati yao, nitamtaja huyu."

Mama Tupa alijifanya anakagua mnyororo. Alikuwa anaukagua huohuo mara ya tatu.

Sare zilifuliwa upya, zikafika shule Jumatatu mchana badala ya asubuhi. Chumba changu kimepata paa jipya na mlango wa pili, na nondo za dirisha sasa zina bawaba na kufuli kwa ndani. Watu nao wakaanza kuja kumwuliza wifi msumeno gani ni bora. Hawapati jibu wanalolitaka. Anawarudisha nyumbani wakapime miti yao kwanza. Mwenye msitu wa mikaratusi mlimani aliambiwa anunue wa petroli, na auhudumie kila wiki. Mwalimu mstaafu mwenye mipapai miwili aliambiwa anunue msumeno wa mkono na aache kutafuta ajali. Majirani wa mwisho wa barabara wamechanga wakanunua mmoja wa betri kama wake, na wanaulizana wao kwa wao nani amechaji.

Mwezi uliopita Kijiti alikuja amevaa shati la kanisani, akakaa kwenye kiti cha wageni, akaomba Mama Tupa awafundishe wafanyakazi wake wanane kunoa na kukata penye hatari. Wifi aliuliza kama watakuwa na subira. Kijiti akasema watakuwa nayo. Wifi akakubali, Jumanne na Alhamisi, kwa sharti kwamba saa ya kwanza mashine zote ziwe zimezimwa na wanafunzi wakae chini ya mti wasikilize tu.

Huondoka asubuhi. Yeye hutangulia, na Ngurumo humfuata na begi la betri begani, bega lile zima. Wateja wangu wakipita wakiuliza wenye nyumba wameenda wapi, mimi huinua mguu kwenye kanyagio la cherehani nijibu vizuri: wifi yangu amekwenda kufundisha, na kaka amemsindikiza.